Mwalimu Zenaida Berlanga na Jicho la Maji la Santa Rufina

Padri, ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliosafiri kutoka Monclova, Saltillo na ng'ambo ya mto wa mpakani, asanteni kwa kuja kumsindikiza Mwalimu Zenaida Berlanga Zertuche. Mimi ni Amparo, binti yake wa pekee. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake. Jana mjomba wangu Cástulo, mdogo wake marehemu, aliniuliza, "Utasoma yote?" Padri naye akanikumbusha kwa upole kwamba mazishi si mahakama. Nimewasikia wote wawili. Nitasoma alivyoishi. Kuna mambo ningependa kuyaruka, lakini nimejaribu kuyachomoa nikaona namchomoa na yeye.

Marehemu alizaliwa tarehe 10 Julai 1946 hapa hapa Ojo de Santa Rufina, yaani Jicho la Maji la Santa Rufina, jimbo la Coahuila, mtoto wa kwanza wa Don Evaristo Berlanga na Doña Petra Zertuche. Alizaliwa katika nyumba ya matofali ya udongo mnayoiona kutoka hapa makaburini, ile yenye mti wa mjozi mlangoni. Wakati huo mbele ya nyumba hiyo palikuwa na bwawa. Mliozaliwa baada ya mwaka 2004 hamkuliona, kwa hiyo acheni niwaambie: lilikuwa la buluu, limezungukwa na ardhi nyeupe ya jasi, na maji yake yalikuwa ya vuguvugu hata Januari. Samaki wake walikuwa wadogo kama kidole, na kasa walipanda kuota jua juu ya jiwe ambalo watoto walirukia. Marehemu alijua kuogelea kabla hajajua kusema vizuri. Bibi Petra alikuwa akisimulia kwamba akimkosa mtoto ndani ya nyumba hakuhangaika kumwita. Alitoka tu na taulo.

Alisoma darasa la kwanza mpaka la tatu hapa kijijini, kisha akapelekwa Cuatro Ciénegas kukaa kwa shangazi yake amalize shule. Mwaka 1964 alikwenda Saltillo kusomea ualimu. Wenzake wa bweni walimcheka kwa sababu siku ya kwanza aliuliza watu wa mji huo wanaoga wapi, akaonyeshwa bomba ukutani, akasema, "Na likikauka?" Walidhani ni mshamba. Alihitimu mwaka 1967. Alipewa nafasi ya kufundisha mjini akaikataa, akarudi Santa Rufina na begi moja na ramani ya jimbo iliyokunjwa vibaya.

Alifundisha shule yetu ya msingi kwa miaka thelathini na moja, kuanzia Septemba 1967 hadi alipostaafu mwaka 1998. Karibu nusu ya waliosimama hapa walijua kusoma kwa mkono wake. Mnakumbuka ramani yake ya Coahuila, aliyoitengeneza na watoto kila mwaka juu ya meza ya mbao: milima kwa maganda ya jozi, jangwa kwa jasi, makaa ya mawe ya kaskazini kwa mkaa wa jikoni, mto wa mpakani kwa uzi wa buluu, na upande wa Torreón maharage meusi kuonyesha ng'ombe wa maziwa. Kila mwaka maharage yaliongezeka. Kuna siku mtoto mmoja aliuliza kwa nini meza inaishia kwenye uzi, wakati babu yake alisema zamani Coahuila na Texas zilikuwa jimbo moja.

"Babu yako amesema kweli," alijibu.

"Sasa nani aliipoteza, mwalimu?"

"Hakuna mtu aliyeamka akasema leo naipoteza. Saltillo na Monclova walikuwa wanagombania makao makuu yawe kwa nani. Walipomaliza kugombana, nusu ya nyumba ilikuwa imeshaondoka."

Mtoto akafikiri, akasema, "Walikuwa wajinga." Marehemu akamwambia asiandike hivyo kwenye mtihani.

Tarehe 22 Novemba 1969 alifunga ndoa kanisani Cuatro Ciénegas na Bwana Leobardo Arredondo, kijana wa hapa hapa, mfugaji wa mbuzi na mpanda farasi hodari. Ilikuwa ndoa ya mapenzi. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Waliishi katika nyumba aliyoijenga baba upande wa barabara. Nilizaliwa mwaka 1972. Nilikua nikiwasikia wakitaniana jikoni. Baba alimwita mama "mwalimu" hata walipokuwa wawili tu, na mama alimsahihisha hesabu za mbuzi wake.

Sasa nieleze kitu kimoja ambacho zamani walikijua watu watatu tu. Chini ya mlima wetu, upande wa jua linapozama, kuna nyufa ardhini. Asubuhi za baridi kali nyufa zile hutoa mvuke, kwa sababu maji ya vuguvugu yaliyolijaza bwawa yanapita chini yake. Babu Evaristo alikuwa akisema ardhi inapumua pale. Aliwapeleka watoto wake wawili, mama na mjomba Cástulo, akawaonyesha na kuwakataza wasimwambie mtu. "Anayetaka kuliua bwawa," aliwaambia, "hana haja ya kuligusa. Atachimba hapa."

Majira ya baridi ya kwanza baada ya harusi, mama alimpeleka mumewe pale. Aliniambia mwenyewe. Alimshika mkono akauweka juu ya ufa.

"Ni pumzi ya mtu," baba akasema.

"Ni ya bwawa. Baba alitukataza kumwonyesha yeyote."

"Mbona mimi umenionyesha?"

"Wewe si yeyote."

Baba alicheka akasema, "Kumbe nimeoa na mlima."

Miaka ya tisini ilikuja na ukame. Mnaikumbuka. Mbuzi walikufa wamesimama, ngano haikutoa shuke, vijana wakaondoka mmoja mmoja kuelekea Ciudad Acuña na viwanda vya mpakani. Baba alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa ardhi wa kijiji. Ilikuja kampuni ya maziwa, ikakodi ardhi ya pamoja ili ipande alfalfa ya kulisha ng'ombe. Mkutano ulikubali. Mama pia alikubali, kwa sharti kwamba visima vichimbwe mbali, upande wa barabara, ambako maji ni ya chumvi kidogo na hayana uhusiano na bwawa. Sharti lilisomwa kwa sauti na watu wakapiga makofi.

Visima vilichimbwa chini ya mlima. Tuliambiwa mitambo ilibahatisha.

Mwaka 1997 lile jiwe la watoto likaanza kuonyesha miguu yake. Kwanza watu walisema ni ukame. Mwaka uliofuata kasa walianza kuhama, wakitembea mchana juu ya jasi, na magari yakawakanyaga barabarani. Mama alistaafu akafanya kuliokoa bwawa kuwa kazi yake. Alikwenda Saltillo kwa basi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Alikaa kwenye mabenchi ya ofisi na chakula chake kwenye kitambaa, chapati za tortilla za ngano na nyama kavu iliyokaangwa na mayai. Aliwaita wataalamu wa vyuo, wakaja, wakapiga picha za samaki, wakaondoka. Aliandamana na wanawake wachache mbele ya lango la mashamba. Na katika safari zote hizo aliyempeleka stendi alikuwa baba. Alimwamsha, akamchemshia kahawa, akamfungulia mlango wa gari. Siku za maandamano alibeba bango lake. Mama alikuwa akituambia mimi na mjomba, "Leobardo hasemi sana, lakini yupo."

Nataka mlielewe neno hilo kama alivyolielewa yeye kwa miaka mitatu. Yupo.

Jumapili ya tarehe 14 Oktoba 2001 kampuni ilimtuma mhandisi wake, kijana mmoja aitwaye Galindo, azungumze na wanakijiji kwenye darasa la shule. Nilikuwa nimekuja kutoka Monclova na wanangu, nikakaa nyuma. Mhandisi alikuwa mtu wa heshima, wala sina neno naye. Alieleza kuhusu ajira. Mama akasimama, pale pale alipokuwa akisimama kufundisha.

"Mhandisi, nina swali dogo. Mlima ule ni mpana. Nyinyi ni wageni. Mliwezaje kuchimba juu ya mshipa wenyewe, mara ya kwanza tu, bila kukosea hata kisima kimoja?"

Galindo alitabasamu. Alidhani anampa mtu sifa.

"Hiyo si akili yetu, mwalimu. Ni mumeo. Alituambia tuje asubuhi ya baridi tutaona ardhi inatoa mvuke. Tulikuja naye, tukaweka alama. Sisi wenyewe tungehangaika mwaka mzima."

Baba alikuwa ameketi mstari wa mbele na kofia yake magotini, akawa anaizungusha kwa ukingo.

"Lini hiyo?" mama akauliza.

"Januari ya tisini na sita."

Januari ya tisini na sita mama alikuwa kwangu Monclova. Nilikuwa nimejifungua Iván, mjukuu wake wa kwanza. Baba alichelewa kuja kumwona mtoto, akasema gari lilimharibikia njiani, na mama akampa supu ya moto kwa kumwonea huruma.

Watu walimtazama mama wakingoja aseme jambo juu ya mumewe. Aliwageukia wote akasema, "Basi mjue aliyemwonyesha yeye ni mimi." Kisha akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi, kile kidogo, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

Nyumbani nilikuwa jikoni nikiwalisha watoto. Wao walikuwa chumba cha pili, na mlango ulikuwa wazi. Hawakugombana kwa kelele.

"Nilidhani yatatosha, Zenaida," baba alisema. "Walisema maji ya chini hayaishi."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ndiyo maana ungeniuliza."

Baba akasema, "Watu walikuwa wanaondoka. Kila mtu ananitazama mimi niseme tutaishije. Miaka yote naitwa mume wa mwalimu. Mara moja nikawa na jibu mimi."

"Lilikuwa jibu langu. Nilikupa mimi."

"Najua."

"Umekuwa ukinipeleka stendi kwenda kumtafuta aliyefanya hivi. Ukanisubiri nirudi. Ukaniuliza wamesemaje."

"Sikutaka ufadhaike peke yako."

"Ulinibebea bango, Leobardo."

"Lilikuwa zito," baba akasema.

Hata leo sijui kama alikuwa anajitetea au ndilo neno pekee la kweli alilokuwa nalo. Mama alitoka chumbani, akaniomba kisu cha mkate, akawakatia watoto, akawafuta midomo. Jioni ile, jua bado lipo, alibeba nguo zake na ile ramani aliyorudi nayo kutoka Saltillo, akatembea mpaka nyumba ya babu kwenye mti wa mjozi. Hakurudi tena kuishi katika nyumba ya upande wa barabara. Hakuomba talaka. Nilipomuuliza alisema kanisani aliulizwa akasema ndiyo, na yeye alikuwa hajabadilisha jibu. Aliyebadilisha ni mwingine.

Angalau hapo mngedhani kijiji kilikuwa upande wake. Nasoma hili nikiwatazama, majirani, na ninawapenda. Wiki ile ile mlianza kusema dukani kwamba mwalimu ndiye mwenye kosa, siri ya baba yake alimpa mwanaume. Wengine mlisema hivyo huku mnatoka zamu mashambani. Alipoitisha mkutano wa kufunga hata kisima kimoja tu, walikuja yeye, mjomba Cástulo na bibi mmoja kiziwi. Alikuwa amewafundisha nyinyi herufi. Aliniambia usaliti wa mumewe ulimpiga kama mtu anavyopigwa na farasi, mara moja, akaanguka. Lakini wa kijiji ulimjia polepole, salamu moja moja zikipungua, mpaka akawa anakwenda dukani saa ambayo hakuna mtu.

Bwawa lilikufa Juni 2004. Siku za mwisho lilibaki tope la kijani katikati. Marehemu aliingia na ndoo, na watoto kumi na kitu wa shule ambao wazazi wao hawakuwazuia, wakaokota samaki waliobaki, wakawapeleka kwa gari la mjomba kwenye bwawa la ndugu zetu ng'ambo ya mlima. Wengi walikufa njiani kwa joto. Alipofika nyumbani alikuwa mweupe wa jasi mpaka kwenye nyusi. Nilimwambia apumzike. Akasema, "Sijachoka. Naona haya tu." Nikamuuliza haya ya nini. "Baba alituonyesha wawili. Cástulo alinyamaza."

Mjomba Cástulo, uliniambia nisisome hapo. Nisamehe. Alikuheshimu mno kwa kunyamaza kwako, na nadhani unastahili kujua.

Baba alifaidika kwa miaka kadhaa. Alipata trekta na eneo lake la alfalfa kando ya lile la kampuni. Kisha visima vikaanza kutoa maji ya chumvi, na mwaka 2011 kampuni ilifungasha mabomba yake ikahamia bonde jingine. Ajira zikaenda nayo. Tangu hapo maji ya Santa Rufina huletwa na lori kutoka Cuatro Ciénegas, nasi tunapanga foleni na mapipa. Ardhi ya baba sasa ni nyeupe, na kitu kinachoota pale ni magugu ya chumvi tu.

Hapo ndipo alipoanza kuja. Alikuwa anaketi kwenye benchi nje ya nyumba ya babu, chini ya mjozi uliokuwa umeanza kukauka upande mmoja. Mara ya kwanza mama alimwacha mpaka akaondoka mwenyewe. Mara ya pili alimtolea kahawa akaiweka kwenye benchi bila kuketi. Siku moja nilikuwepo baba alipovua kofia.

"Mwalimu, nataka uniwie radhi. Kwa maji."

"Kukaa, kaa," mama alisema. "Lakini usiniombe msamaha wa maji. Mimi si mwenye maji. Zunguka nyumba hadi nyumba uwaombe, na ukimaliza uwaombe kasa."

"Na ule wako wewe?"

"Huo hujauomba bado. Unauzunguka tu kwa kutaja maji."

Baba akavaa kofia. Alikunywa kahawa yake. Nijuavyo mimi, hakuuomba siku ile, wala siku nyingine.

Mwaka 2016 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Madaktari wa Monclova walimtaka aende hospitali kila wiki kusafishwa damu. Nilijitahidi kumfuata, lakini kazi yangu ya uuguzi ina zamu, na mara kadhaa gari langu liligoma. Siku moja nilifika nimechelewa nikakuta ameshaondoka. Alikuwa amekubali kupelekwa na baba. Walifanya hivyo mara nyingi baadaye. Mama aliketi kiti cha nyuma, kama abiria wa teksi, na mkoba wake magotini. Iván aliwahi kusafiri nao, akaniambia kwamba njia nzima bibi alisema maneno mawili tu: "Polepole, dereva." Baba alipunguza mwendo. Wakafika salama.

Mwezi wa Februari mwaka huu mwili ulikataa. Aliomba arudishwe nyumba ya babu na asipelekwe tena. Alifariki Jumapili, tarehe 3 Machi 2019, kabla ya adhuhuri, madirisha yakiwa wazi, mjomba Cástulo akiwa ameshika mguu wake mmoja na mimi nimeshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili. Baba alikuwa nje kwenye benchi. Nilitoka nje. Alitazama uso wangu, akainuka, akasimama hivyo hivyo muda mrefu uso ukielekea pale palipokuwa na bwawa.

Marehemu ameacha mdogo wake, Bwana Cástulo Berlanga. Ameacha binti, mimi Amparo, na mkwe wake Rodolfo. Ameacha wajukuu wawili, Iván na Maricela. Ameacha wanafunzi wake, ambao ni nyinyi, mliojifunza kwake kusoma na ambao wengi mnasikia haya kwa mara ya kwanza kwa sauti ya mtu mzima badala ya minong'ono ya dukani.

Na ameacha mume. Katika nakala ya kwanza ya wasifu huu sikuliandika neno hilo. Nilikuwa nimeandika "Bwana Leobardo Arredondo" peke yake, kati ya majirani. Mama aliniomba nimsomee siku nne kabla hajafa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitazama karatasi, akasema herufi zangu bado zinalala kushoto, kisha akasema, "Hapo umekosea. Andika mume wangu. Usiseme wa zamani, usiseme aliyekuwa. Mume wangu."

Nikamuuliza kama ina maana amemsamehe.

"Ina maana nataka asikie," akasema.

Ameacha mume wake, Leobardo Arredondo, aliyesimama pale nyuma kabisa, mkononi ameshika kofia. Baba, umesikia.

Mungu ampe Mwalimu Zenaida pumziko tulilomnyima sisi.